Ndama Niliyemkosa Madibira

Kateni kucha kwanza. Najua mlitegemea nianze na jina langu na chuo nilichosoma, lakini mtu anayetaka nimfundishe kupima mimba ya ng'ombe huku kucha zake ziko vile nilivyoziona wiki iliyopita, hatutafika mbali naye. Kateni, vueni saa, vueni na pete. Pete yangu ya uchumba iliwahi kubaki ndani ya ng'ombe wa mwinjilisti mmoja kule Kilolo. Glavu zilikuwa zimeniishia, nikatumia maji na sabuni kama tulivyozoea zamani, mkono ukaingia na pete ukatoka bila pete. Mwinjilisti, mke wake na mimi tukakaa nyuma ya yule ng'ombe kuanzia saa nne asubuhi, kila akijisaidia tunachambua kwa vijiti. Ilipatikana saa kumi jioni. Mchumba wangu nilimwambia tulipokwisha kufunga ndoa, maana kabla ya hapo sikuwa na hakika kama angeivumilia habari hiyo.

Wengi wenu mnanijua kama Mama Mifugo. Jina hilo nililipata Madibira nikiwa na miaka ishirini na minne, sina mume, sina mtoto, nina pikipiki ya serikali na mkoba wa dawa. Sasa nimestaafu, nipo hapa Ipogolo na ng'ombe wangu wawili wa maziwa, mmoja mpole na mmoja mkorofi aliyeshindikana. Nyie vijana mliopangiwa kata za huku mnanipigia simu, nami nafurahi. Tatizo ni hizi picha. Mtu yuko Mbarali, anapiga picha makalio ya ng'ombe, ananitumia wakati nakunywa chai, chini ameandika: "Shikamoo Mama, huyu ana mimba?" Marahaba mwanangu, lakini mimi nitajuaje? Picha haina joto, wala haisukumi mkono.

Siku hizi kuna mashine za kuangalia tumboni, na mwenye nayo aitumie, sina ugomvi naye. Ila najua mkipelekwa Usangu mtafika na pikipiki isiyo na mafuta ya kutosha, mashine iko ofisini kwa mkubwa, na mwenye ng'ombe amesimama anakutazama. Hapo una mkono tu. Na kwa mkono kuna majibu matatu: ana mimba, hana mimba, na sijui. Chuoni mnafundishwa mawili ya kwanza. Hilo la tatu mimi nilifundishwa na ng'ombe wa Mzee Maganga, na aliyeligharamia hakuwa mimi.

Kabla ya Madibira nilikuwa mazoezini upande wa Mbeya chini ya Mzee Mwakalobo, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtaratibu sana, aliyekuwa akizungumza na ng'ombe kwa Kinyakyusa na sisi kwa Kiswahili. Alikuwa mrefu, mkono wake ulifika popote. Mimi ni mfupi, kama mnavyoniona. Nikiingiza mkono hadi kwapani bado nusu ya ng'ombe iko mbele yangu. Mzee alilijua hilo mapema, akaniambia:

"Binti, wewe usimtafute ndama. Utafute mshipa."

Akanieleza. Mimba ikiwa changa, kizazi kiko karibu, unakishika. Ikifika miezi mitano hivi, ndama anakuwa mzito, kizazi kinateremka tumboni, na mwenye mkono kama wangu hapati kitu. Lakini pembeni, ukutani mwa nyonga, kuna mshipa wa damu unaolisha kizazi. Usiuchanganye na ule wa paja, ule umekaa palepale. Huu unaweza kuushika kwa vidole ukausogeza. Kwa ng'ombe asiye na mimba unadunda kama mishipa mingine. Kwa mwenye mimba hiyo kubwa haudundi, unatetema, kama simu uliyoizima mlio ikiwa mfukoni. Simu hazikuwepo wakati ule, mfano huo ni wangu, ila hamtapata mwingine mzuri kuushinda.

Nilimsikiliza kwa adabu, moyoni nikasema haya ni mambo ya wazee. Kwenye mtihani wa chuo nilikuwa wa kwanza. Ndama wa miezi mitatu nilikuwa namkamata kila mara, nikajiona nimemaliza.

Sasa Madibira. Mzee Maganga alikuwa Msukuma, alihama kutoka Shinyanga na ng'ombe wake akiwa kijana, akateremkia Usangu, akalima mpunga, akazalia watoto huko. Binti yake wa kwanza, Kabula, alikuwa anaolewa na Masanja, kijana wa familia nyingine ya wafugaji ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Siku moja kabla ya sherehe Mzee Maganga aliniita nimpimie ng'ombe wa kuchinja. Alikuwa amemtenga tayari, jike mwekundu mwenye baka jeupe, amenona.

"Mtaalamu," akaniambia, "sisi ng'ombe yenye mimba hatuchinjagi kwenye harusi ya binti. Hata kidogo. Nipimie hii, uniambie ukweli."

Kwenye kibanio cha kumbania ng'ombe walikuwa wamejaa watu. Wajomba wa bwana harusi wamefika, wakina mama wanatwanga pale karibu, watoto juu ya miti ya zizi. Nikaingiza mkono. Kizazi sikukipata. Shingo ya kizazi niliipata, imevutwa kwenda mbele, imekaza. Leo hii ningeigusa hivyo nikiwa nimefumba macho ningejua kuna mzigo upande wa pili. Siku ile nilihisi tu kwamba kuna jambo sielewi. Nikakumbuka mshipa. Nikapapasa, sikuupata mara moja, jasho likaanza kunitoka, na mjomba mmoja akasema kwa sauti, "Huyu binti ataingia mzima." Watu wakacheka.

Mzee Maganga akauliza, "Vipi, mtaalamu?"

"Hana kitu," nikasema. "Chinjeni."

Sikutaka kusema sijui mbele ya watu wale. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine, na nimekaa nayo miaka mingi nikiitafutia mwenzake, sijampata.

Asubuhi yake nilialikwa. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha togwa walipompasua. Ndama alitoka katika mfuko wake, ana vinyweleo mdomoni tu, kwato laini. Kabula mwenyewe alikuwa amesogea na beseni kupokea maini, akamwona kabla hawajamfunika kwa ngozi. Shangazi yake akauliza:

"Si mtaalamu alipima jana?"

"Alipima," mtu akajibu. "Mkono mzima. Hakukuwa na kitu."

"Basi hii imetoka wapi?"

Vijana, hapo nilikuwa na nafasi. Nilikuwa hatua tano kutoka kwa yule shangazi. Nilitakiwa niseme: imetoka pale pale ilipokuwa, mimi ndiye sikuifikia. Nikanyamaza. Nikaweka kikombe chini, nikasema nina josho la ng'ombe la kusimamia, nikapanda pikipiki. Kupima vibaya ni jambo la kawaida, hata mimi mzee huyu bado napima vibaya. Nililolifanya baada ya hapo ndilo baya. Kwa sababu mnajua ilivyokuwa? Laiti ningekuwa mtu wa kawaida, wangesema amekosea. Lakini mtaalamu wa serikali ameingiza mkono mzima na kusema hakuna, kisha kisu kimeingia na ndama yupo. Kwa hiyo ndama yule akawa si ndama wa kawaida. Akawa mkosi, na mkosi ukawa wa bibi harusi. Heshima waliyonipa ndiyo iliyomfunga yule binti.

Ngoja nipumzike kidogo kwa habari ya farasi, maana kuna aliyeniuliza kama nimewahi kutibu farasi. Mmoja. Ilikuwa miaka mingi baadaye, shamba moja la wageni njia ya kwenda Mafinga. Nilikuta farasi amelala, anainuka, anageuza kichwa kutazama ubavu wake, analala tena, anagaragara. Tumbo limejaa. Mimi ng'ombe aliyejaa gesi namjua, unamtoboa ubavu wa kushoto kwa chuma chake, anapumua, mnaagana. Mkono ulishakwenda mkobani kwa mazoea. Mtunza farasi, Mzee Luka, Mbena mmoja mpole, akanitazama.

"Mama, hicho chuma ni cha nini?"

Nikasimama. Nikamjibu, "Mzee Luka, farasi simjui. Nipe dakika tano."

Nilimpigia mwenzangu aliyewahi kufanya kazi na farasi kule Arusha. Akaniambia rudisha chuma mkobani kabla hujaua mnyama wa watu. Farasi hana tumbo la ng'ombe. Mwondolee chakula, mchome dawa ya maumivu kwa kipimo nitakachokutajia, mtembezeni polepole asigaragare, na kila baada ya muda uweke sikio ubavuni, kulia na kushoto. Ukimya ndio wa kuogopa. Tukamtembeza, mimi na Mzee Luka tukipokezana kamba, na sikio langu likawa linanuka farasi siku mbili. Kwenye saa nane mchana tumbo likaanza kunguruma, kisha akajisaidia, na Mzee Luka akavua kofia kama yuko kanisani. Wenye shamba walinisifu sana. Mimi nilichofanya ni kusema simjui na kupiga simu.

Turudi Usangu. Miaka miwili baada ya ile harusi nilikuwa nachanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa chambavu, boma kwa boma, nikafika kwa wakwe zake Kabula. Alinikaribisha mama mkwe, mama mnene mwenye amri, nikamsalimia mwangaluka ya Kisukuma, yeye akajibu kwa kamwene ya Kihehe changu ili kunifurahisha. Kabula akaja na maji ya kunawa. Amekonda. Aliniinamia, akanimiminia maji.

Tulipomaliza chanjo mama mkwe akaniambia, "Afadhali umekuja mwenyewe, mtaalamu. Jumamosi wazee wanakaa. Huyu mwenzetu mwaka wa pili huu, tumbo lake limefungwa. Tangu siku ile ya ng'ombe ya baba yake. Tunataka kumrudisha kwao vizuri, bila ugomvi. Wewe ndiye ulipima. Uje useme mbele ya wazee kwamba ulipima na haikuwemo."

Yaani niwe shahidi. Nilirudi nilikopanga, sikula. Nilijiambia naweza kusingizia safari ya Mbeya, naweza kuugua. Niliogopa kazi, niliogopa kuchekwa, niliogopa wafugaji wasije wakaniita tena. Jumamosi asubuhi nikachukua glavu mbili, si moja, nikaenda.

Walikuwa wamekaa wazee sita kwenye vigoda. Masanja yuko pembeni anachora chini kwa fimbo. Kabula kakaa nyuma ya wakina mama, na mzigo wake umeshafungwa kwenye kitenge. Nikasimama, nikasema:

"Wazee wangu, ng'ombe wa Mzee Maganga alikuwa na mimba nilipompima. Ndama alikuwemo. Mkono wangu ni mfupi, haukumfikia, na niliona aibu kusema sijui. Nilikosea, kisha nikanyamaza. Huyu binti hana kosa."

Baba mdogo wa Masanja akatikisa kichwa, kwa upole kabisa. "Mwanangu, una huruma. Unamwonea huruma mwenzako. Mtaalamu hawezi kuingiza mkono mzima akose ndama."

Mnaona? Hata kuungama hawakuniachia. Nikamgeukia Masanja, nikamuuliza kama wana ng'ombe ambaye wana hakika naye kwamba ana mimba ya miezi kama mitano. Akasema yupo, alimwona mwenyewe akipandwa na dume la jirani, na wiki hii ndama amecheza, ubavu umeruka kila mtu akaona. Nikaomba aletwe. Wakamfunga kwenye mti wa zizi, kibanio hawakuwa nacho. Nikamvisha mama mkwe glavu ya pili.

"Mimi?" akauliza.

"Wewe, mama. Mkono wako na wangu urefu ni mmoja."

Wazee walisogeza vigoda. Mama yule hakuwa mwoga hata kidogo, alikuwa amekamua ng'ombe tangu utoto. Nikamwambia akunje vidole viwe kama mdomo wa ndege, aingie taratibu, ng'ombe akisukuma asimame, akiachia aendelee. Akaingia mpaka kwapani, shavu limebanwa kwenye paja la ng'ombe, kilemba kimeanguka.

"Mwambie mama anapata nini," nikamwambia Masanja.

"Mama, unapata nini?"

"Hamna kitu."

"Tafuta ndama," nikasema.

"Nimetafuta. Hamna kitu humu."

Nikasema, "Wazee, hayo ndiyo maneno niliyomwambia Mzee Maganga." Kisha nikamwambia mama asitoe mkono. Apapase kulia, ukutani mwa mfupa. Kuna mshipa umesimama imara, auache. Mbele yake kidogo kuna mwingine unaokubali kushikwa. Aushike kwa vidole viwili, asibane. Alichukua muda. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, maana ningekuwa nimekosea tena, hapakuwa na wa kutuokoa, mimi na Kabula.

Mama mkwe akaacha kupumua.

"Inatetema," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kuna kitu kinatetemaga kama... mayu wee. Inatetema."

"Huyo ndiye ndama wako, mama."

Alibaki vile vile muda mrefu, mkono ndani, macho kafumba. Alipoutoa hakuuosha kwanza. Alimtazama mkwewe, akawatazama wazee, akasema, "Kumbe ilikuwa mkono tu." Baba mdogo akaomba naye apime, na mzee mwingine, nikawakatalia, ng'ombe si kisima. Wakacheka, na kicheko kile kiliniambia kwamba kikao kimekwisha. Waliamua mume na mke waende hospitali, wote wawili, na wakina mama wakaufungua ule mzigo wa kitenge wao wenyewe.

Kabula alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. Nilitegemea anishukuru, nisiwafiche. Alishika usukani wa pikipiki yangu, akaniambia polepole:

"Ungesema siku ile, dada."

Basi. Akarudi ndani. Nilisafiri hadi nyumbani nikilia ndani ya kofia, na sikulia kwa sababu ya kuchekwa. Miaka miwili binti wa watu alikuwa analala na kuamka akiitwa mkosi kwa sababu mimi niliona aibu kwa dakika moja.

Alizaa mwaka uliofuata, na mwingine, na mwingine. Hilo ni lake na Masanja na Mungu, wala msilitie kwenye sifa zangu. Mzee Maganga aliendelea kuniita nimpimie. Wafugaji hawakuniacha, kinyume na nilivyoogopa, ila walipata desturi mpya. Kila nikitoa mkono walikuwa wananiuliza, "Una hakika, au ni mkono mfupi?" Nikisema sijui, nitarudi baada ya wiki tatu, walikuwa wanaridhika kabisa, kana kwamba nimewapa jibu. Na ni jibu.

Mwezi uliopita simu iliita nikiwa namkamua yule mkorofi. Ni Kabula. Ng'ombe ni wake sasa, kundi kubwa, na mama mkwe akiwa hai alimfundisha mshipa mpaka akamshinda. Alikuwa na jike aliyemnunua Makongolosi, historia yake haijulikani, na mtaalamu wa kata alikuwa mbali. Binti yake alikuwa amemshikia simu sikioni, maana mkono mmoja ulikuwa kazini. Nilisikia ng'ombe akipumua. Nikamwongoza: shingo ikoje, ukutani kuna nini, mshipa unasemaje. Akapapasa. Nikasikia watu nyuma yake wakimuuliza, maana kuna mnunuzi alikuwa anasubiri, na mume wake, na majirani.

"Vipi, Mama, inayo?" mwanamume mmoja akauliza.

Kabula hakunijibu mimi. Aliwajibu wao, kwa sauti ya kutosha kufika mpaka Ipogolo.

"Sijui," akasema. "Rudini baada ya wiki tatu."